Kadi ya Kizimba cha Pili

Wivu wa mwanamume kwa shemeji yake ni jambo la aibu, ndiyo maana Baba Panya hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wivu wa mapenzi watu wanauelewa, hata wa majirani unaeleweka. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini na mbili kumwonea kijicho mdogo wa mkewe, mtu aliyemwombea nafasi kwa kinywa chake mwenyewe, huo hauna hata pa kuanzia kuusimulia. Basi aliumeza, na kila alipoumeza ulipanda tena kama kiungulia.

Jina hilo alipewa na majirani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza wanyama katika maabara ya chuo: kuwalisha panya weupe, kuwapima uzito kila asubuhi, kuwabadilishia maranda ya mbao, kuandika kwenye daftari. Zamani mtafiti mgeni akifika, la kwanza aliloambiwa lilikuwa, "Muulize Baba Panya." Siku hizi waliambiwa wamuulize Msomi.

Msomi ndiye huyo shemeji. Alikuwa akikaa kwao na kusomea shahada ya pili, akakosa mahali pa kufanyia utafiti, na Baba Panya ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya meza ya Profesa, mkuu wa maabara, kofia mkononi, akamwombea. Utafiti wenyewe ulihusu dawa nyekundu, ile wanayotundikiwa wagonjwa wa saratani. Dawa ile inaua uvimbe kweli, lakini huchosha mioyo ya baadhi ya watu; msuli wa moyo unalegea, damu haisukumwi sawasawa, maji yanajaa mwilini. Msomi alitaka kujua madhara yanaanza lini na kwa kiasi gani. Alikuwa na panya ishirini katika vizimba vinne. Kizimba cha kwanza na cha pili walidungwa dawa. Cha tatu na cha nne walidungwa maji ya chumvi tu, ili walinganishwe.

Na dawa hiyohiyo ilikuwa ikiingia nyumbani kwa Baba Panya kupitia mkono wa mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amekatwa titi moja, akaandikiwa dripu sita za dawa nyekundu, moja kila baada ya wiki tatu. Alikwishamaliza nne.

Ungedhani nyumba yenye mtu anayeiona dawa hiyo ikifanya kazi kila siku ingekuwa na mtu wa kuulizwa. Alikuwepo wa kuulizwa, lakini hakuwa mume. "Mdogo wangu, hii midomo kuchubuka ni kawaida?" "Mdogo wangu, niendelee na vile vidonge vya kichefuchefu?" Baba Panya akisema neno, mkewe humwitikia "sawa baba," kisha humgeukia Msomi apate jibu lenyewe.

Kilichomtoa Baba Panya kwenye reli kilitokea Jumatano moja. Profesa alikuwa ameingia chumba cha wanyama kukagua. Baba Panya akamwambia, "Profesa, wale wa kizimba cha pili mioyo imeanza kuchoka. Manyoya yamesimama, matumbo yanavimba. Ukimshika unasikia uzito wa maji."

Msomi akatabasamu kwa adabu zake zote. "Shemeji, hapa hatupimi kwa mkono. Tusubiri mashine, ndiyo itakayosema."

Profesa akacheka kidogo, bila ubaya. "Baba Panya bwana! Hebu tusaidie kuisogeza hiyo meza, mashine ya picha za moyo inaletwa Jumatatu." Baba Panya akaisogeza meza.

Hilo angeweza kulimeza kama mengine. Lakini jioni Msomi alilisimulia mezani, akaigiza hata namna shemeji yake alivyomnyanyua panya na kufumba macho kama mganga anayepiga ramli. Mkewe Baba Panya, ambaye wiki nzima hakuwa amecheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Daktari wa mikono!" alisema. Baba Panya naye akacheka, maana ungefanyaje? Moyoni alisema: ngoja.

Ijumaa ilikuwa siku ya kubadilisha maranda. Siku hiyo panya wote huhamishiwa vizimba safi, na kadi zinazoning'inia mbele ya kila kizimba huhamishwa nao. Mikiani walikuwa na alama za kalamu: mstari mmoja kwa wa kizimba cha kwanza, miwili kwa cha pili, mitatu kwa cha tatu, minne kwa cha nne. Alama hizo hufifia, na mtu wa kuzirudia alikuwa Baba Panya peke yake. Hakuna aliyewahi kumkagua katika hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na sababu.

Alichukua pamba yenye spiriti, akafuta mikia ya kizimba cha pili na ya cha tatu. Waliokuwa na miwili akawachora mitatu, waliokuwa na mitatu akawachora miwili. Akabadilisha kadi. Kazi nzima haikumaliza hata robo saa. Alinawa mikono, akahisi raha ambayo hakuwa ameihisi kwa miezi sita, akaenda kunywa chai.

*

Mashine ilisema. Iliona panya watano wa dawa wenye mioyo dhaifu, na panya watano wa maji ya chumvi wenye mioyo dhaifu vilevile. Ngoma droo.

"Maji ya chumvi yanaharibu moyo?" Profesa alimuuliza Msomi mbele ya watu wote wa maabara. "Umedunga nini wewe? Mimi nipeleke takwimu hizi wapi, sokoni?"

Msomi alisimama pale jasho likimtoka, na Baba Panya, aliyekuwa akifagia karibu na mlango, alifagia mahali pamoja kwa muda mrefu sana. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kwa dakika tatu hivi, kisha Profesa akageuka.

"Na wewe, Baba Panya. Kama wagonjwa wapo kila upande, basi ugonjwa umo humu chumbani. Maranda unayatoa wapi? Maji unabadilisha kila siku kweli, au tumezoeana?"

Miaka kumi na tisa, na leo anaulizwa kama anabadilisha maji! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alitaka kujitetea, lakini kila neno la kujitetea lingekwenda kugonga kwenye zile kadi. Akasema, "Nitaongeza usafi, Profesa." Wiki iliyofuata panya wote ishirini walichinjwa kama mpango ulivyotaka, mioyo ikapimwa, ikatiwa kwenye chupa za dawa ya kuhifadhia, na kila chupa ikabandikwa karatasi kufuatana na mikia. Sasa hata angetaka kurudisha kadi mahali pake kimyakimya, mikia haikuwepo tena.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mkewe alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za shule. Msomi alikuwa amekaa naye, ameinama, bado ana uchungu wa kuaibishwa.

"Ila lipo jambo jema ndani yake, dada," alisema. "Kama walikuwa wagonjwa wa pande zote mbili, basi hatia si ya dawa. Ni uchafu wa chumba tu. Kwa hiyo mambo ya moyo usiyatie akilini. Unachoka kwa sababu unapigana na kansa."

"Mungu akubariki. Maana nesi kila nikienda ananiuliza, unabanwa na pumzi? Miguu inavimba? Ukimwambia ndiyo, wanakuahirishia dripu. Yule mama mwenzangu waliahirisha mara mbili, uvimbe ukarudi. Mimi namjibu hapana, hapana, hapana."

"Si uchafu wa chumba," Baba Panya alisema kutoka mlangoni.

"Shemeji, sikukusudia wewe."

"Na juzi nilipokwenda kupima damu kanisifu," mkewe aliendelea, uso umechangamka. "Kanipandisha kwenye mizani, kasema hongera, umeongezeka kilo mbili. Wenzangu wote wanakonda."

Baba Panya alitazama meza ambayo haikuwa imeondolewa vyombo. Sahani ya mkewe ilikuwa na zaidi ya nusu ya chakula. Jana ilikuwa hivyo. Juzi pia. Akatazama chini ya cherehani: mkewe alikuwa amevua kandambili, na mguu uliokuwa ukikanyaga ulikuwa umejaa, mkanda wa kandambili umeacha mfereji juu yake. Alikuwa akishona pindo fupi, anapumzika, anashona jingine.

Mambo mengine Baba Panya hakuyajua, lakini hili alilijua kuliko profesa yeyote. Mnyama anayeacha chakula na bado uzito unapanda, hanenepi. Anajaa maji. Amewaandika mamia kwenye daftari lake, na alijua baada ya mstari ule wa uzito kupanda huja mstari gani.

"Mke wangu, Alhamisi ukienda kutundikiwa dripu mwambie nesi ukweli," alisema. "Unalalia mito mitatu siku hizi. Asubuhi nakukuta umeketi. Hizo kilo mbili si nyama. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Haya, daktari wa mikono ameanza."

"Sitanii."

Mkewe akaacha kukanyaga. "Hutanii, ila una wivu. Unadhani sioni? Mwezi uliopita ulisema huyu ameacha mlango wa panya wazi, ikaonekana siku hiyo hata chuoni hakwenda. Ukasema ndiye anayemaliza sukari, kumbe mimi ndiye sioni ladha naongeza. Kila analosema mdogo wangu, wewe lazima useme kinyume chake. Akiniambia nipo salama, wewe unanitabiria kufa! Hata ugonjwa wangu mnagombania?"

Msomi alitazama pembeni kwa aibu. Yote aliyoambiwa Baba Panya yalikuwa kweli. Jibu lake lilikuwa moja tu: kwamba wale panya wa maji ya chumvi hawakuwa wa maji ya chumvi. Lilifika kwenye ulimi. Akamwona Msomi ameketi karibu na dada yake, magoti yanagusana, akalirudisha.

Jumatatu alijiambia atasema kesho. Jumanne Profesa alimwita Msomi ofisini, wakatoka wakiongea kama marafiki, na Baba Panya akasahau alichotaka kusema, au alijifanya amesahau. Jumatano mkewe alimwambia kwamba kesho hospitali atasindikizwa na Msomi. "Wewe nenda kazini tu. Sitaki mtu wa kuninunia kule." Mara nne zote zilizotangulia Baba Panya ndiye aliyemsindikiza.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Baba Panya alipandisha panya wa kwanza wa utafiti mwingine kwenye mizani, akaona namba, asijue ni namba gani. Akampandisha tena. Mara ya tatu alimrudisha kizimbani, akavua koti la kazi na kutoka bila kuaga.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti saba na wanawake saba. Mkewe alikuwa cha mwisho, mkono umenyooshwa, sindano tayari ndani ya mshipa, dripu ya maji ikipita taratibu. Msomi alikuwa amemshikia mkoba. Nesi alikuwa amekwishavaa glavu, ameshika bomba kubwa la dawa nyekundu.

"Nesi, usimtie," Baba Panya alisema. Alikuwa anahema. "Moyo wake umechoka. Miguu imevimba. Halali chali. Anakudanganya."

Wanawake saba walimgeukia. Mkewe alifumba macho. "Nesi, nisamehe. Huyu ni mume wangu. Ana ugomvi na mdogo wangu, sasa wivu umempanda kichwani mpaka ameuleta huku."

"Shemeji, twende nje tuongee," Msomi alisema kwa sauti ya chini, akamshika kiwiko kama anavyoshikwa mlevi.

"Mzee, hapa kuna wagonjwa," nesi alisema.

Hapo ndipo alipolisema. Hakulipamba. "Msomi, wale panya wako wa kizimba cha tatu walikuwa wa kizimba cha pili. Nilibadilisha kadi. Nilifuta mikia kwa spiriti nikachora upya. Waliokufa mioyo wote walikuwa wa dawa. Wote kumi. Hakuna hata mmoja wa maji ya chumvi aliyeumwa, na chumba changu ni kisafi."

Msomi aliachia kiwiko. Midomo yake ilifunguka, na Baba Panya alingoja tusi, ngumi, chochote. Mwenzake hakumtazama hata. Alikuwa akimtazama dada yake. "Dada," alisema, "mimi ndiye niliyekwambia usiyatie akilini." Akapiga magoti sakafuni palepale, mkoba ukamdondoka, akapandisha pindo la gauni la dada yake.

Nesi aliweka bomba kwenye trei. Akainama naye, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akangoja, akakiondoa. Shimo likabaki. Walilitazama wote watatu, na mwenye mguu akalitazama kutoka juu, na lilichukua muda mrefu kujaa.

"Mama," nesi alisema, "unabanwa na pumzi?"

Mkewe Baba Panya alilitazama tena lile shimo. "Nikipanda ngazi," alisema. Kisha, "Na nikilala." Kisha akaanza kulia, na kilio chenyewe kikamkata pumzi.

*

Kipimo cha moyo kilifanyika alasiri. Daktari aliwaeleza kwa lugha nyepesi: moyo ulikuwa unasukuma nusu ya ulivyopaswa. Dawa nyekundu isingeguswa tena. Atalazwa, apewe vidonge vya kutoa maji na vya kuusaidia moyo, na kuhusu saratani watatafuta njia nyingine. Kama moyo ungerudi katika hali yake, hakuweza kuahidi. "Mngempa ya leo," alisema, akaacha sentensi hapo.

Wodini walimpa kitanda karibu na dirisha. Msomi alisimama mlangoni, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia. Baba Panya alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mkewe alikuwa ameegemezwa mito, anatazama shuka.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Nilijua nini?"

"Usinizungushe. Sina pumzi ya kuzungushwa."

"Jumapili. Uliposema kilo mbili."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Siku tatu unaniona nimekaa kitandani alfajiri, unaniuliza majani ya chai yako wapi."

"Niliogopa."

"Kufukuzwa kazi?"

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa hofu ya heshima, hofu ya mwanamume mwenye nyumba, na huenda angesamehewa kwa hiyo. "Hapana," alisema. "Kazi nilijua imekwisha. Niliogopa kwamba nikisema, yeye ataonekana mkweli na mimi mwongo. Nilijua utamshika yeye zaidi."

Mkewe aligeuza kichwa akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Baba Panya kuliko hasira.

"Yule ni mdogo wangu, nampenda," alisema. "Lakini moyo wangu ulikuwa umetulia kwako. Hata nilipokuwa nakucheka, nilikuwa nakuamini. Nilijua huyu mwanamume ana maneno yake, ana wivu wake, lakini jambo likiwa la kweli ataniambia."



Nesi wa wodini aliingia na faili. "Mama analazwa. Niandike namba ya nani, tukipata jambo lolote tumpigie?"

Baba Panya alifungua mdomo.

"Andika ya mdogo wangu," mkewe alisema.

"Dada," Msomi alisema kutoka mlangoni, "shemeji yupo."

"Najua yupo. Mtajie nesi namba yako."

Msomi alianza kuitaja. Alifika katikati, sauti ikamkatika; akajaribu tena, akaanza mwanzo, ikamkatika palepale. Akaweka mkono usoni. Nesi alisubiri, kalamu imetulia juu ya karatasi.

Namba hiyo Baba Panya aliijua kwa kichwa. Miezi sita ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha wanyama, kwamba panya akizidiwa apigiwe huyu, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa palibandikwa yake. Kila asubuhi aliipita akiichukia, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Saba, nne, moja," alimmalizia nesi. "Kisha sifuri, tisa, tisa."

Nesi akaandika, akamsomea kuhakikisha, naye akasema ndiyo, ni sahihi.